TABORA, MJI ULIOBEBWA MABEGANI

Wanafunzi wengi waletwao Tabora kutoka mikoa mingine husema neno moja katika juma lao la kwanza: "Huu ni mji wa kupitia tu." Hulisema kwa kudharau kidogo, maana hawaoni bahari kama ile ya Tanga, wala ziwa kama lile la Mwanza, wala mlima kama ule wa Moshi. Waona vumbi, miembe, reli na jua kali la mwezi wa Oktoba. Neno hili nimelisikia bwenini mara nyingi hata nimeona yafaa tulichunguze katika gazeti letu. Naamini ni neno la kweli, ila wasemao hawajui ukweli wake ni mkubwa kiasi gani. Tabora ni mji wa kupitia tangu mwanzo wake. Basi na tuulize: ni nani waliopita hapa, walibeba nini, na mbona majina yao hatuyajui?

1. Njia panda

Tabora imekaa juu ya uwanda wa mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, katika nchi ya Unyanyembe, ambayo ni sehemu ya Unyamwezi. Katika karne ya 19 njia kuu iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa ikagawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi mpaka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. La pili lilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. La tatu lilielekea kusini, kwenye nchi za Ufipa na Katanga. Mahali penye matawi matatu ya njia hapakosi watu, na penye watu hapakosi soko.

Waarabu kutoka Zanzibar na Oman walijenga nyumba zao katika kitongoji kilichoitwa Kaze. Wazungu wa kwanza kuandika habari zake, Richard Burton na John Speke, walifika tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Leo treni hutembea njia hiyo kwa muda usiozidi siku mbili, nasi twanung'unika ikichelewa.

Jina la Tabora lenyewe, wazee husema, latokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikauke. Chakula hiki hakiozi upesi, chabebeka, na msafiri aweza kukitafuna njiani bila kuwasha moto. Kama wazee wasema kweli, basi mji wetu umepewa jina la chakula cha msafiri, wala si jina la mfalme au la mlima.

2. Kwa nini mabega?

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliwahi kuuliza katika somo la Historia kwa nini wafanyabiashara wale hawakutumia magari ya ng'ombe au farasi. Ni swali zuri, na jibu lake ni mdudu mdogo, mbung'o. Sehemu kubwa ya njia ilipita katika misitu ya miyombo yenye mbung'o, nao huua ng'ombe na farasi kwa ugonjwa wa nagana. Punda walijaribiwa, wakafa wengi. Kwa hiyo kila kitu kilichoingia bara na kila kitu kilichotoka bara kilipita juu ya kichwa au bega la mwanadamu.

Kutoka pwani walipanda na vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Kutoka bara waliteremka na pembe za ndovu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2, yaani ratili 70 hivi, karibu kilo 32. Zaidi ya hapo alibeba mkeka wake, chungu chake, chakula chake, na mara nyingine silaha yake. Ndugu msomaji, mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Punguza theluthi yake, ujitwike inayobaki, kisha utembee kutoka hapa mpaka Bagamoyo, njia isiyopungua kilomita 800, ukipita Mgunda Mkali, lile pori kame lililo kati ya Unyamwezi na Ugogo, ambako maji yalikuwa ya shida na chakula hakikununulika.

Hapa yapasa tusahihishe jambo moja ambalo wengi wetu tumelishika vibaya. Twadhani kwamba kila mtu aliyebeba pembe katika njia hii alikuwa mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Sivyo. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Waliondoka wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, nao walijitahidi kurudi nyumbani kulima mvua zinapoanza. Walipatana bei, na wakidhulumiwa walitua mizigo wakagoma, au walitoroka usiku. Kijana kufika pwani na kurudi ilikuwa alama ya uanaume wake. Wanawake pia walisafiri, wakibeba vyungu na watoto.

Lakini pia tusijifariji kwa uongo. Katika njia hiyohiyo watumwa walipitishwa, na mashamba ya matajiri wa Unyanyembe yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, ila hali ya utumwa katika Tanganyika haikufutwa na sheria mpaka mwaka 1922. Mtu huru na mtumwa walikanyaga vumbi moja, na anayetaka kuujua mji huu hana budi kuwakumbuka wote wawili.

3. Maneno yaliyobaki njiani

Wapagazi hawakutuachia vitabu, lakini walituachia maneno, nasi twayatumia kila siku bila kukumbuka yalikotoka. Nimechagua matano.

Mnyapara alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi. Leo ni msimamizi wa vibarua au wa wafungwa.

Kirangozi alikuwa mtu aliyetangulia mbele ya msafara, mwenye kuijua njia, akiwa amejipamba kichwani ili wote wamwone. Ni ndugu wa neno letu kiongozi. Naye alibeba mzigo kama wenzake.

Posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha kila siku, au kitambaa na ushanga wa kukinunulia. Leo katika nchi yetu posho ni fedha ya mjumbe wa kikao, na huko Uganda ni ugali wenyewe.

Hongo ilikuwa ushuru uliotozwa na mtemi kwa msafara uliopita katika nchi yake. Ilidaiwa mchana kweupe, mbele ya watu. Leo neno hilo lina maana ya rushwa, itolewayo gizani.

Merikani ni kitambaa cheupe cha pamba, kilichoitwa hivyo kwa sababu kililetwa kutoka Marekani. Hivyo mpagazi wa Unyanyembe alijua jina la Marekani begani mwake kabla mtoto yeyote wa huku hajaliona katika ramani.

Ni wapagazi na wafanyabiashara hawa waliokipeleka Kiswahili kutoka pwani mpaka Kongo. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikaa Ituru karibu na Tabora, akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Na Msiri, mtu wa huku Unyamwezi, alikwenda mpaka Katanga akajenga ufalme wake huko Bunkeya, uliodumu mpaka alipouawa mwaka 1891.

4. Wenye nchi

Mji wa kupitia una wenyewe, na wenyewe hawakukaa kimya. Baada ya Fundikira kufa mwaka 1858, Mtemi Msabila, ambaye watu walimwita Mnywa Sele, alitaka wafanyabiashara walipe ushuru kwa mali iliyoingia Unyanyembe. Waarabu walikataa, wakampiga vita, wakamtawaza Mkasiwa badala yake. Msabila aliishi porini kwa miaka akiishambulia misafara, mpaka akashikwa na kuuawa mwaka 1865.

Upande wa magharibi alisimama Mirambo wa Urambo, aliyekuwa na jeshi la rugaruga. Mwaka 1871 alifunga njia ya Ujiji. Waarabu walimwendea kwa vita wakashindwa, naye akaja akachoma sehemu ya Tabora yenyewe. Mirambo alijua jambo ambalo hata leo mkuu wa stesheni alijua: anayeishika njia ameushika mji. Alifariki mwaka 1884.

Wa tatu ni Mtemi Isike. Yeye alikataa kutawaliwa na Wajerumani. Walimshambulia mara kadhaa, na ngome yake ikaanguka Januari 1893. Alipoona adui wameingia, aliilipua baruti yake ndani ya ngome asipatikane akiwa hai. Kila nipitapo barabara ya Ipuli hukumbuka kwamba nchi hii haikuuzwa, bali ilipiganiwa.

5. Bwana mkubwa aliyesubiri

Nje kidogo ya mji, huko Kwihara, kuna tembe ambalo wageni hupelekwa kulitazama. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, na lile la Kwihara hujulikana kuwa la Dakta Livingstone. Sina ubishi na jina hilo. Lakini na tusome vizuri yaliyotokea humo.

Livingstone na Stanley walifika Kwihara pamoja Februari 1872. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki mpaka tarehe 25 Agosti. Miezi hiyo yote zaidi ya mitano alikuwa akingoja nini? Alikuwa akingoja wapagazi, zaidi ya watu 50, ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Msafiri yule, ambaye habari zake zilisomwa duniani kote, hakuweza kwenda hatua moja mpaka walipofika watu wa kumbebea mizigo.

Alifariki mwaka uliofuata, 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Ndipo watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walipoamua jambo ambalo hakuna aliyewaamuru. Waliuzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili, wakaubeba kuelekea pwani. Oktoba 1873 walifika Kwihara. Huko walimkuta Mwingereza Verney Cameron, naye akawashauri wamzike hapo. Walikataa. Mbele kidogo, walipopata habari kwamba wenyeji wasingeruhusu maiti ipite, waliufungasha mwili kama robota la nguo, wakaendelea. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya kutembea zaidi ya kilomita 1,500.

Livingstone alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874 katika kanisa la Westminster, wanamozikwa wafalme. Katika watu waliombeba alikuwapo mmoja tu siku hiyo, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi kwisha. Hawa hawakuwa watu wa Tabora. Susi alitoka Shupanga kwenye mto Zambezi, na Chuma alikuwa Myao. Lakini walipita hapa na mzigo wao, kwa hiyo nawahesabu katika watu wa mji huu, kama walivyo wote waliopita na kuchoka na kuendelea.

6. Reli na vita

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Gari moja la mizigo lilichukua kwa siku mbili mzigo wa mamia ya watu kwa miezi mitatu. Kazi ya upagazi katika njia hii ilikwisha. Mtu angesema mabega ya Wanyamwezi yamepumzishwa.

Hayakupumzika. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914, na majeshi ya pande zote yalihitaji watu wa kubeba chakula na risasi. Safari hii wengi walishikwa kwa nguvu, na wengi mno walikufa kwa maradhi na njaa. Waliokuwa upande wa Waingereza waliitwa Carrier Corps, na jina hilo limebaki Dar es Salaam katika soko la Kariakoo. Watu huenda Kariakoo kununua viatu na simu, wala hawajui kwamba wanataja jina la wapagazi.

Tabora nayo ilikuwa makao ya serikali ya Wajerumani kwa muda. Mwaka 1916, walipokosa fedha, walitengeneza hapa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Tarehe 19 Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa mji. Sarafu zile leo zauzwa kwa bei kubwa kwa wakusanyaji huko Ulaya. Tembo amewekwa kwenye dhahabu, na aliyebeba pembe yake hakuwekwa popote.

7. Mzigo wa vitabu

Baada ya vita Waingereza walijenga shule hapa, na Tabora ikawa njia panda ya namna nyingine. Wavulana walishuka stesheni wakiwa na masanduku ya bati badala ya pembe. Mmoja wao alikuwa Julius Nyerere, aliyesoma katika shule ya serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937 mpaka 1942, kisha akarudi kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria.

Januari 1958 alirudi tena, akiwa Rais wa TANU, kwa mkutano mkuu wa chama. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sharti kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walikasirika, wakataka uchaguzi ususiwe. Nyerere aliwashawishi waingie. Uamuzi ule waitwa mpaka leo Uamuzi wa Busara. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Waliokusanyika njia panda waliichagua njia, na baadhi yao walitua hasira zao ili waweze kubeba mzigo mzito zaidi.

8. Watu wa leo

Kwa sensa ya mwaka 2022, Manispaa ya Tabora ina watu zaidi ya laki 3. Ukienda Soko Kuu siku ya Jumamosi utawaona Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, Wamanyema ambao babu zao walitoka Kongo, Waarabu na Wahindi. Utaona asali ya misitu ya miyombo katika chupa na madumu, dagaa na migebuka ya Kigoma, michembe, karanga, na uyoga wakati wa masika. Mama muuza asali ataamkiwa "Mwangaluka," naye ataitika vivyo hivyo bila kuacha kupima. Ukimwita "mama" atakupunguzia bei. Ukimwita "wewe," utalipa bei kamili, na ni haki yako.

Kisha tazama kando ya soko. Kuna kijana asukumaye mkokoteni wa magunia. Kuna bodaboda aliyefunga godoro mgongoni mwa pikipiki. Kuna kuli wa stesheni, na mama mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, na njia yake yaletwa huku. Itakapofika, mizigo itapita kwa kasi zaidi, lakini kutoka behewa mpaka dukani, na kutoka dukani mpaka nyumbani, bado patakuwa na bega la mtu.

Tangu mwaka 2006 njia kuu ya kati ya watumwa na pembe, pamoja na Kwihara, imo katika orodha ya mahali ambapo nchi yetu yapendekeza pawe urithi wa dunia. Ni jambo jema. Lakini urithi usioandikwa hufa pamoja na wazee, na wazee hawatungoji tumalize mitihani.

Kwa hiyo, mwenzangu usemaye kwamba Tabora ni mji wa kupitia, nakuunga mkono. Nawe wapita, nami napita, na mwakani vitanda vyetu vitalaliwa na wengine. Ila tofauti yetu na wapagazi ni kwamba wao walibeba, na sisi kwa sasa twabebwa. Nauli yako, sare yako na daftari lako vimo begani mwa mtu aliyeko nyumbani, ambaye huenda hajui kusoma makala hii. Siku ya kutua kwake itafika, na huo mzigo utahitaji bega jingine.

Kazi ya likizo

(a) Muulize mzee wa kwenu: babu au bibi yake alipata kubeba mizigo, kwa ujira au kwa lazima? Alitoka wapi mpaka wapi?
(b) Andika jina lake kamili, na jina la kijiji chake.
(c) Uliza maneno ya safari ya zamani ambayo hayamo katika somo hili, na maana zake.
(d) Leta uliyoandika muhula ujao. Tukipata majina 20 tu, yatakuwa majina 20 zaidi ya yale yaliyomo katika vitabu vyetu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne